Mswada wa muhuri kwa madizaina wa ndani: nikaongee mbele ya kamati au niache?

Rehema_Ramani:

Habari zenu wadau. Naomba mawazo ya mlioko Marekani kwenye hii kazi ya kusanifu ndani ya majengo, hasa nyie ambao majimbo yenu yameshapitia mambo ya leseni. Jimbo nililopo silitaji maana kazini wapo wanaosoma Kiswahili, ila ni moja ya yale ambayo dizaina wa ndani hatambuliki kisheria, hata daftari la usajili hakuna. Sasa mswada umeingia bunge la jimbo, unatafuta watu wa kwenda kuutetea mbele ya kamati, na bosi wangu amenipendekeza mimi.

Mimi nilisoma Chuo Kikuu Ardhi pale Dar, nikaja huku nikaanza chini kabisa ofisini, masaa ya uzoefu yakatimia nikafanya NCIDQ, ule mtihani wa taaluma wa madizaina wa ndani, sehemu zote tatu na nimefaulu. Kazi zetu ni maofisi, kliniki za meno, maduka, yani jengo lipo tayari na mteja amepanga ghorofa moja au nusu yake, sisi tunachora patisheni, dari, milango, taa zikae wapi, finishi za ukuta na sakafu. Ukuta unaobeba jengo hatugusi. Lakini idara ya majengo ya mji haipokei michoro yetu bila muhuri wa arkitekti, kwahiyo kila mradi tunatafuta arkitekti wa nje tunamlipa. Juzi kliniki moja ilikaa wiki nzima inasubiri muhuri tu kwa sababu arkitekti alikuwa safarini, mteja analipa kodi ya sehemu ambayo hawezi kufungua, na aliyekuwa anapigiwa simu ni mimi.

Kwahiyo huo muhuri nautaka kwa moyo wote. Kinachonisumbua ni viwili. Kwanza nina rafiki anapamba nyumba za watu, hana digrii ya dizaini lakini kazi yake ni nzuri mno na ndiyo inayolisha watoto wake, nilipomwambia akaniuliza kwa hiyo na nyie mnataka kutufungia mlango? Sikuwa na jibu. Alafu nimesikia Florida walikuwa na leseni kamili wakaifuta 2020, sasa kama wao wameifuta sisi tunaidai ya nini?

Pili, karatasi ya hoja niliyopewa imejaa mambo ya watu watakufa bila leseni. Sijaridhika kusimama mbele ya wabunge niseme hivyo. Mlioko huko mlisema nini, na hizi sheria zinatofautianaje jimbo kwa jimbo? Nimejaribu kusoma mwenyewe lakini kila mtu anaandika anavyovutia upande wake.

---

Zainabu_Tampa:

Dada Rehema pole na hongera kwa mtihani, wengi wanauishia njiani. Niko Florida na nimefanya kazi chini ya sheria ya zamani na hii mpya, kwahiyo nikueleze vile ninavyoijua.

Kwanza tenganisha vitu vitatu maana watu wanavichanganya wote wanaviita leseni. Kuna sheria ya jina, hiyo inasema tu nani anaruhusiwa kujiita dizaina aliyesajiliwa au aliyethibitishwa, kazi yenyewe anafanya yeyote. Alabama ndiyo ilianza na hiyo mwaka 1982, wengine wakafuata, New York wana ya kwao tangu 1990. Kuna sheria ya kazi, hiyo inasema bila leseni hufanyi kabisa, ukifanya ni kosa. Hiyo ilikuwepo sehemu chache sana: Florida kuanzia 1994, Nevada, Louisiana na Washington DC. Alafu kuna ya tatu ambayo ndiyo inatembea miaka hii, usajili wa hiari ambao ukiwa nao unapata haki ya kupiga muhuri michoro yako na kuomba kibali cha ujenzi, asiyetaka kusajiliwa anaendelea na kazi zake kama jana.

Sasa Florida ilikuwaje. Sheria ya kazi ilikuwa inahusu majengo ya biashara, nyumba za kuishi hazikuwemo, na ilikuwa nzito, mtu kupanga ofisi bila leseni ni kosa la jinai. Mwaka 2009 Institute for Justice, hawa mawakili wanaopinga leseni za kazi nchi nzima, wakaenda mahakamani. Kipengele cha kuzuia watu kujiita interior designer kikaanguka, lakini kipengele cha kazi mahakama ya rufaa ikakiacha kisimame 2011. Kwahiyo hakikuondolewa na mahakama, kiliondolewa na bunge. Mwaka huohuo 2011 kulikuwa na mswada wa kuifuta na ukashindwa, na miaka iliyofuata hoja ikawa inarudi tena na tena.

Juni 2020 gavana DeSantis akasaini sheria iliyogusa kazi nyingi kwa mpigo, hata wasusi wa nywele waliondolewa mzigo wa kusajiliwa humohumo, na leseni yetu ikageuzwa kuwa cheti cha usajili cha hiari kuanzia tarehe 1 Julai. Watu wanasoma kichwa cha habari wanasema Florida wamefuta. Dada angu, ule muhuri HAUKUFUTWA. Mimi leo nina cheti, napeleka michoro yangu mjini kwa jina langu na muhuri wangu, na jirani yangu asiye na cheti anafanya ofisi na maduka akitafuta arkitekti pale kibali kinapodai. Tulichopoteza ni ile nguvu ya kumshtaki mwenzetu, na mimi binafsi siililii hata kidogo.

Kwahiyo ukisikia Florida imefuta, jibu lako ni kwamba Florida imeacha kufunga mlango ila muhuri umebaki, na hicho ndicho mnachoomba nyie. Kama mswada wenu unaomba zaidi ya hapo, usiende kuutetea.

---

MamaPazia:

Mimi ni wa upande wa huyo rafiki yako Rehema kwahiyo nisikilizeni bila kukasirika.

Napamba nyumba, naagiza mapazia, naagiza sofa, nachagua rangi, wakati mwingine mteja anataka ukuta mdogo uondoke namwita fundi mwenye leseni yake na kibali chake. Sijasoma dizaini, nimejifunza kwa mikono. Miaka yote hii miswada ikija inakuja na maneno matamu, ulinzi wa mlaji, usalama wa umma, alafu ukisoma ndani unakuta kuchagua taa na kapeti nayo imeingizwa kwenye tafsiri ya kazi. Alabama walifanya hivyo 2001, sheria pana mpaka mtu anayeshauri mapazia ya nyumba ya mtu alikuwa anaweza kusema yumo, na Mahakama Kuu ya jimbo ikaifuta 2007 kwa sababu hiyohiyo ya upana. Si mimi ninayesema, ni majaji.

Na angalieni gharama. Digrii ya huku inajulikana bei yake, juu yake masaa 3,520 ya uzoefu chini ya mtu anayekubalika, juu yake mtihani ambao ada zake ukijumlisha maombi na sehemu zote tatu zinapita dola 1,000. Mama aliyekuja huku ana watoto watatu na kazi mbili atapitia wapi hapo? Tena sheria nyingi za zamani ziliwaweka walioanza mapema ndani bila mtihani, wao wakiwa salama ndiyo wanageuka kudai mtihani ni wa lazima kwa usalama. Kama ni usalama basi wao mlimpa nani awapime?

Moto kuna kanuni za moto, kuna mkaguzi wa mji, kuna fire marshal, yule ofisa wa zimamoto. Ile klabu ya Rhode Island iliyoungua 2003 wakafa watu 100, inatajwa kila mahali kuhusu hatari za vitu vya ndani. Ukutani kulikuwa na sponji la poliurethani la kuzuia sauti na fataki zikawashwa ndani ya ukumbi. Hayo makosa yalikuwa na sheria zake tayari. Leseni ya dizaina ingezuia nini pale?

Sisemi Rehema asipate muhuri. Nasema nionyesheni kwenye karatasi kwamba mimi siguswi.

---

Chora_Chicago:

Mama Pazia hoja zako nzito na ile ya Rhode Island nakuunga mkono mia kwa mia, isitumike kama silaha, ni msiba wa watu. Ila niongeze upande wa kitaalamu kidogo maana nipo ofisi ya maarkitekti, mimi ni dizaina wa ndani humo.

Kazi ya Rehema sio ya kapeti tu. Ukichukua ghorofa ya ofisi ukaigawa vyumba, umebadilisha njia ya watu kutoka moto ukitokea. Korido ya kawaida inatakiwa iwe na upana wa inchi 44, mlango lazima uache inchi 32 za wazi mtu wa kiti cha magurudumu apite, na inatakiwa apate mduara wa inchi 60 wa kugeukia, hizo mbili za mwisho ni sheria ya walemavu ya 1990 na viwango vyake. Finishi za ukuta zinapimwa moto unavyosambaa juu yake na kupewa namba, ndogo ndiyo salama zaidi, daraja A ni 0 mpaka 25, B ni 26 mpaka 75, C ni 76 mpaka 200, na kwenye ngazi za kutokea huweki chochote unachokipenda. Hayo yote yapo ndani ya NCIDQ na ndiyo tunayoyachora kila siku. Anayefanya hesabu ya watu wangapi wanakaa chumbani na milango mingapi inahitajika ni dizaina, alafu anayesaini ni mtu ambaye pengine hajauona huo mradi.

Na hapo ndipo kuna ishu ambayo watu hawaisemi kwa sauti. Katika majimbo mengi arkitekti kupiga muhuri michoro ambayo hakuisimamia mwenyewe ni kosa, anaweza kupoteza leseni yake. Kwahiyo huu mtindo wa tutafute arkitekti atusainie, ukifanywa kihalali maana yake arkitekti aingie mradi tangu mwanzo alipwe hivyo, ukifanywa kienyeji maana yake wote mmekaa pabaya. Muswada wa muhuri unaondoa huo uongo, aliyechora ndiye anayesaini na ndiye anayebeba lawama na bima yake.

Huku Illinois sheria ya muhuri ilipita 2022, Wisconsin nao mwaka huohuo, North Carolina 2021, Utah walitangulia 2016 kwa majengo ya biashara. Mbingu haijaanguka. Ofisini kwetu maarkitekti waliokuwa wanapinga walikuwa na hofu moja ya haki kabisa, mpaka uko wapi? Kwahiyo Rehema hebu tuwekee hapa mswada wenu unasemaje kuhusu mipaka, manake kila kitu kipo pale.

---

Rehema_Ramani:

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Dada Zainabu umenitoa mbali, nilikuwa naamini kabisa kwamba Florida walifuta kila kitu.

Nimeufungua mswada wenyewe badala ya ile karatasi ya hoja. Nafupisha kwa maneno yangu. Usajili ni wa hiari, anayetaka lazima awe na NCIDQ. Aliyesajiliwa anaruhusiwa kusaini na kuwasilisha michoro ya ndani isiyogusa nguzo, msingi, ukuta unaobeba, mifumo ya mabomba, umeme, hewa, vinyunyizio vya moto, wala ukuta wa nje wa jengo. Madizaina waliosajiliwa watakuwa chini ya bodi ileile ya maarkitekti, viti viwili vinaongezwa. Hakuna kifungu cha kumshtaki asiyesajiliwa, isipokuwa akijiita aliyesajiliwa wakati hajasajiliwa.

Ila Mama Pazia nimetafuta sentensi inayosema wazi wapambaji hawaguswi na SIJAIONA. Inaeleweka tu kwa kusoma yote kwa pamoja, haijaandikwa. Naona hilo si dogo.

Na bado sijajua niseme nini nikisimama pale. Dakika nitapewa chache.

---

Mzee_wa_Raleigh:

Rehema mwanangu, mimi ni mume wa dizaina, mwenyewe ni kontrakta wa ndani, patisheni na dari. Tuko North Carolina na mke wangu na wenzake walihangaikia hii kitu kwa muda mrefu sana, mimi nilikuwa naenda nao Raleigh, kwenye bunge la jimbo, kama mjenzi. Nitakwambia yale niliyoyaona kwa macho.

Cha kwanza, usiende kamati kabla hujamtafuta mbunge wako mwenyewe, yule wa pale unapolala. Majimbo mengi una mmoja wa baraza la wawakilishi na seneta mmoja wa jimbo, sio hawa wa Washington. Ofisi zao ni ndogo, msaidizi atakupokea vizuri tu, na barua ya mkazi wa wilaya yake inasomwa kuliko barua mia za kunakili zilizotumwa na chama. Na mnisikie wote mnaosoma hapa, huhitaji kuwa raia ndiyo uongee na mbunge. Kupiga kura ndiyo huwezi kama si raia, lakini kumweleza shida yako ni haki ya kila mtu anayeishi hapa. Wengi wetu tunanyamaza bure. Kitu kimoja tu, kama ofisi inakulipa kwa ajili ya kwenda kushawishi, waulize kwanza kanuni za jimbo zinasemaje kuhusu kujiandikisha kama mshawishi, mtu anayejisemea mwenyewe kwa kawaida hana shida.

Cha pili, hiyo hoja ya watu watakufa iache ofisini. Florida 2011, wakati wa ule mswada wa kufuta aliousema Zainabu, kuna aliyesimama mbele ya wabunge akahusisha vitambaa vya hospitali vilivyochaguliwa na wasio na leseni na vifo 88,000 kwa mwaka. Ile namba imewafuata madizaina mpaka leo, wapinzani wanaitoa kila kikao kuonyesha kwamba hawa watu wanatia chumvi. Usalama upo na unausema, lakini unausema kwa kile unachokifanya: nilihesabu watu, nikapanga milango, nikachagua finishi ya daraja A kwenye njia ya kutokea, hii hapa michoro. Mbunge anaelewa mchoro ukiwekwa mezani, tena chukua karatasi kubwa kabisa, usimwonyeshe kwenye simu.

Cha tatu ndicho kinachofanya kazi kweli. Waeleze ile kliniki. Wiki moja ya kodi imelipwa mlango umefungwa, fundi wangu amekaa nyumbani hana kazi, daktari hana wagonjwa, na sababu sio usalama, sababu ni saini. Mimi niliposema mbele yao kwamba vijana wangu wanapoteza siku wakisubiri muhuri, yule mbunge aliyekuwa haangalii akainua kichwa. Wabunge wa chama kinachopenda biashara huru wanachukia leseni, ndiyo, lakini huu mswada haumfungii mtu, unaondoa kikwazo, na wakiuelewa hivyo wanaupigia kura. Wale wa upande wa pili wanaangalia biashara ndogo na wanawake wenye ofisi zao wenyewe, nao wanaupigia kura. Huku gavana aliyesaini alikuwa Democrat na mabaraza yote mawili yalikuwa ya Republican. Kwahiyo tafuteni wadhamini wa vyama vyote viwili tangu siku ya kwanza, mkichelewa mswada unavaa rangi ya chama kimoja na unafia hapo.

Cha nne, maarkitekti. Msisubiri kukutana nao kwenye kikao. Kaeni nao kabla, pitieni ile orodha ya visivyoguswa mstari kwa mstari, wakitaka kuongeza kitu kinachoeleweka kubalini. Chama chao kina nguvu kuliko chenu na mbunge akisikia hawa wawili hawajaelewana anasema rudini mkielewana, na kurudi ni mwaka mwingine. Texas bunge linakaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, ukikosa umekosa. Mtafuteni na afisa wa majengo wa mji wowote aliye tayari kuandika kwamba michoro ya madizaina anaiona kila siku na haimsumbui, hiyo barua moja ni mali.

Kukaa bodi ya maarkitekti ni vizuri kwa sababu hakuna bodi mpya ya kulipia, ofisi ya bajeti ya bunge ikisema gharama ni ndogo mmeokoa nusu ya mabishano. Huku kwetu ilifanyika hivyo hivyo, bodi ikaongezwa jina. Ila hesabuni viti vyenu vizuri. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi kwenye kesi ya bodi ya madaktari wa meno wa jimbo letu, kwamba bodi iliyojaa watu wa kazi hiyo hiyo haiwezi kuwazuia washindani wao bila jimbo lenyewe kuisimamia kweli. Tangu hapo wabunge wanaangalia bodi kwa jicho kali, na mimi nawaunga mkono.

---

MamaPazia:

Shikamoo mzee. Hayo ndiyo maongezi niliyokuwa nayataka tangu mwanzo.

Rehema, ombi langu ni sentensi moja. Iandikwe kwamba hakuna kitu kwenye sheria hii kinachomzuia mtu yeyote kutoa huduma za upambaji au usanifu wa ndani, ilimradi asijiite aliyesajiliwa, na orodha ya mifano chini yake, fanicha, rangi, vitambaa, taa zisizofungwa, kupanga nyumba ya kuishi. Watu wenu watasema haina haja kwa sababu inaeleweka. Alabama nayo ilikuwa inaeleweka. Sheria inasomwa na mtu asiyekujua miaka ishirini baadaye na wewe haupo kumweleza ulikusudia nini.

Mkiiweka nitaandika barua ya kuunga mkono kwenye jimbo lenu kupitia wapambaji ninaowajua huko, na naongea kwa dhati.

---

Zainabu_Tampa:

Mama Pazia hiyo sentensi inamsaidia Rehema kuliko inavyokusaidia wewe. Wale mawakili wanaopinga leseni wanapokuja kwenye kamati swali lao la kwanza ni hilo hilo, nani anazuiwa? Kama jibu limeandikwa ndani ya mswada wanabaki hawana la kusema, na mara nyingine wanakaa kimya kabisa. Texas ilibidi kesi ifike mahakama ya rufaa 2009 ndiyo bunge likabadilisha sheria ya jina, mtu yeyote akaruhusiwa kujiita dizaina wa ndani na waliofaulu wakabaki na jina la aliyesajiliwa. Connecticut jaji aliangusha sheria ya jina mwaka huohuo. Hii vita ya kumiliki jina tumeshaishindwa sehemu nyingi na tuiache, tushike muhuri.

Kitu kingine Rehema, wewe ni mtu mzuri sana wa kusimama pale na sisemi kukupamba. Kuna wabunge wanadhani NCIDQ ni uzio wa waliosoma vyuo vya gharama vya huku. Wewe umekuja na digrii ya Ardhi, nakala zako za masomo zikatathminiwa, ukatimiza masaa, ukakaa mtihani uleule na kila mtu. Hiyo historia waeleze kwa sentensi mbili.

---

Chora_Chicago:

Naongezea moja tu la kiufundi. Kwenye orodha ya visivyoguswa umesema umeme. Angalia imeandikwaje, kama inasema mifumo ya umeme bila maelezo kuna afisa atakwambia huwezi hata kuonyesha soketi na taa zikae wapi kwenye dari, na hapo muhuri wako utakuwa wa nusu mradi. Ombeni iandikwe usanifu wa mifumo ndiyo hauguswi, lakini kuonyesha mahali pa vifaa kunaruhusiwa. Hivyo hivyo kwa vichwa vya vinyunyizio kwenye mchoro wa dari, unaonyesha mahali, mhandisi anapiga hesabu zake.

Na ulizia bima mapema. Ukisaini kwa jina lako unahitaji bima ya kitaaluma, ofisi ikubaliane na wewe nani analipa kabla sheria haijapita sio baada.

---

Rehema_Ramani:

Shikamoo mzee, na asanteni wote kutoka moyoni.

Nimeongea na bosi mchana huu. Nimemwambia nitakwenda kwa masharti mawili: ile karatasi ya vifo siisomi, na sentensi ya Mama Pazia ipelekwe kwa mdhamini wa mswada kama marekebisho kabla ya kikao. La kwanza amekubali palepale. La pili amesema atalipeleka kwa wenzake wa chama, na kuna mmoja ameshaanza kugoma anasema tunajipunguzia hadhi. Nimemtumia yote aliyoandika dada Zainabu kuhusu Texas na Florida.

Neno la umeme nimelikuta kama alivyosema Chora, limeandikwa kavu bila maelezo, nimeliwekea alama.

Msaidizi wa seneta wangu amejibu barua pepe, amenipa nafasi Jumanne asubuhi. Nakwenda na michoro ya ile kliniki, karatasi kubwa, na daktari mwenyewe amekubali kuandika barua ya kodi aliyolipa. Mzee naomba nikuulize, ile siku mliyoongea Raleigh mlitangulia nyie makontrakta au madizaina ndio walianza?

---

Mzee_wa_Raleigh:

Marahaba mwanangu. Madizaina walianza, mimi nikafuata. Dizaina aeleze kazi yake ni nini kwanza, alafu mjenzi na mteja waseme inavyowagharimu. Ukianza na sisi wanadhani ni malalamiko ya mafundi. Huyo daktari kama anaweza kuja mwenyewe badala ya barua, mlete.